Kushoto kwa Nani? Malalamiko Kuhusu Milango ya Wodi ya Wazazi

Kwa Mkurugenzi wa Miradi ya Kimataifa

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na mtandao wenye nguvu, maana huku tunakojenga vyote viwili vimetuishia. Mimi ndiye msimamizi wa ujenzi wa wodi ya wazazi. Labda unanikumbuka: ni yule mama mwenye kofia ya plastiki ambaye picha yake huganda kila kikao, mdomo wazi.

Ninaandika kuilalamikia timu yetu, ambayo kwa busara zako uliitawanya kama njugu zilizomwagika: msanifu majengo nchi moja, kiwanda cha milango nchi nyingine, mratibu nchi ya tatu, na jengo lenyewe huku kwetu.

1. Kuhusu kushoto. Msanifu aliandika kwamba milango ifungukie kushoto. Fundi wa kiwandani akauliza: kushoto kwa anayeingia au kwa anayetoka? Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, ndiyo maana halikujibiwa. Mratibu aliliita suala la "kujenga uelewa wa pamoja", akaitisha kikao. Kikaoni msanifu akainua mkono wa kushoto mbele ya kamera. Kamera yake, kumbe, ilikuwa inageuza picha kama kioo. Sote tukaona kulia, tukamshukuru kwa ufafanuzi wake.

2. Milango imefika. Ni imara, ina rangi ya kupendeza, na ukiufungua wowote unaziba kona ya korido, kitanda cha magurudumu hakipiti. Muuguzi mkuu alijaribu mwenyewe, akamlaza mhudumu mmoja juu ya kitanda na kusukuma. Kikakwama. Akanitazama, akasema taratibu, "Sasa mama, hawa wazazi wajifungulie hapa koridoni?" Wodi haikufunguliwa. Wajawazito bado wanalala wawili wawili katika wodi ya zamani, na mmoja wao ni binti yangu. Miguu imemvimba, analala ukingoni mwa kitanda, na kila nikienda kumwona ananiuliza, "Mama, bado tu mlango?"

3. Kuhusu neno "sawa". Nilipoyaeleza haya kikaoni, msanifu alisema sawa, akimaanisha amesikia sauti. Mratibu alisema sawa, akimaanisha ninyamaze. Mwenye kiwanda alisema sawa, akimaanisha hapana, kwa kuwa kwao, nasikia, kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu. Mimi nikasema sawa kwa sababu simu ilikuwa inaishiwa chaji. Kumbukumbu za kikao zinasema tumekubaliana kwa kauli moja.

4. Mtaalamu wa mawasiliano uliyetuletea. Alitufundisha kutabasamu kabla ya kuongea, kisha akatutaka tuandike hisia zetu kwenye vikaratasi vya njano ambavyo havipo, viko kwenye skrini tu. Niliandika: Milango. Akaniambia kwa upole kwamba hiyo si hisia. Namwalika aje asukume kitanda.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uivunje timu hii. Watu waliotenganishwa na mabara hawawezi kuelewana, na ni ukatili kuwalazimisha. Nipe mtu wa lugha yangu, tusimame uso kwa uso. Ninaye tayari: shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, seremala. Nikikohoa tu, anajua nataka nyundo. Kwa kuwa sikuona sababu ya wewe kukataa, nimeshamkabidhi kazi.

Nisalimie msanifu, mratibu, na yule mtaalamu pamoja na vikaratasi vyake. Wasalimie pia wote wa ofisini kwako, hata wale ambao kazi zao hatujawahi kuzielewa.

Wako mtiifu, kwa kadiri inavyowezekana,

Msimamizi wa Ujenzi

Nyongeza: Nimechelewa kuituma barua hii, na wakati imekaa mezani mambo yamebadilika. Nilimwambia shemeji ageuze milango. Ameigeuza: juu chini, chini juu. Kidirisha cha kuchungulia wagonjwa sasa kiko usawa wa goti. Nilipomuuliza, akajibu bila wasiwasi, "Shemeji, si ulisema geuza?" Kweli nilisema. Wakati huohuo yule fundi wa kiwandani, ambaye hatuna naye lugha moja wala bara moja, alinitumia picha ya mlango aliyoichorea mshale mwekundu na alama ya kuuliza. Nami nikamrudishia mshale wangu. Bawaba mpya za upande sahihi zimefika kutoka kwake, milango imerudishwa wima na imekaa vizuri, na kitanda cha kwanza kupita kilikuwa cha binti yangu. Amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Tafadhali usiivunje timu. Futa vikao tu. Shemeji nimempa kazi ya kupaka rangi, baada ya kumchorea mshale ajue ukuta ni upi.