Kichupa kwa Jina la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaacha nusu ya chakula tena. Wiki ya nne. Gauni lake la kutokea linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Nikitaja hospitali, ananituma nikatengeneze saa zangu. Lakini nina mbinu! Vipimo viwili vya vijidudu vizuri vya utumboni (vikiwa vingi ndiyo afya), maabara mbili tofauti. Majibu yatakuwa mabaya, ataogopa, ataenda kwa daktari.

Jumanne, 4 Machi
Kanipa vichupa viwili vya choo chake, kanuna. Kasema, "Mzee, uzee wako unakujia vibaya." Nimevikalia ndani ya basi, vyote vimepasuka. Sithubutu kumwomba tena. Nimenunua vipya, nimetia choo changu, nimeandika jina lake. Kibano cha saa nilichotumia nimekichemsha. Mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi
Balaa! Maabara ya kwanza: vijidudu vya kila aina, utumbo wa mtu wa miaka thelathini. Nani alijua? Karatasi kaibandika kwenye friji. "Hospitali ya nini," anauliza, "na mgonjwa ni wewe?" Mchana kala vijiko vitatu.

Ijumaa, 21 Machi
Maabara ya pili: vijidudu haba, dalili za uvimbe. Nimeshangilia peke yangu dukani kwangu. Kisha nikakumbuka tumbo ni la nani. Nimeketi.

Jumamosi, 22 Machi
Nimemwekea karatasi zote mbili mezani. Akauliza tumbo moja linakuwaje la msichana na la bibi kizee. Nikakiri. Kacheka mpaka kajishika tumbo, halafu hakucheka tena. Kajikunja kwa maumivu. Nikasema naogopa. Hilo sikulipanga. Akauliza viatu vyake viko wapi.

Daktari kasema elimu hii ya vijidudu bado changa. Siku moja huenda itafika mbali, ila leo inahesabu wapangaji wa tumbo tu. Nani kati yao anavunja vyombo, haijui vizuri. Na kila maabara ina hesabu yake. Kambonyeza mke wangu tumbo, kauliza maswali, kapima kijidudu kimoja tu. Vidonda vya tumbo. Dawa za wiki mbili. Mimi niko salama, nile mboga.

Jumapili, 13 Aprili
Kamaliza sahani. Kaongeza! Kasema siku nyingine nikiogopa niseme tu, niache vichupa. Nimeapa.

Asubuhi kakohoa mara mbili. Kuna maabara inapima makohozi. Safari hii simsumbui hata kidogo. Nitakohoa mimi.