Barua za Muumini Mwenye Uchungu

Jumapili, 3 Mei

Nimeduwaa. Naandika nikiwa bado na tai shingoni. Baada ya ibada Mchungaji Radi ameniita pembeni, akaniwekea mkono begani, akasema kuanzia mwezi ujao matangazo yawe dakika tatu. Tatu! Dakika tatu mimi bado nasafisha koo. Leo nimetumia thelathini na moja, na niliharakisha.

Nieleze vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Mwaka wa kumi na moja huu mimi ndiye msoma matangazo wa kanisa letu. Ndiye pia ninayeyaandika kwenye ubao wa mlangoni kila Ijumaa, kwa mkono wangu, vichwa kwa wino mwekundu, nimevipigia mstari, na kila kitu kwa nambari. Mchungaji wetu ni Mnong'ono, mzee anayehubiri kwa sauti ya chini hata walio benchi la mbele wanainama kumsikia. Tulikuwa tumetulia. Mwaka jana kanisa la ng'ambo ya barabara likabomolewa kupisha upanuzi, tukawakaribisha. Wakaja na mchungaji wao, Radi, ambaye akihubiri vioo vinatetemeka na leso tatu zinalowa. Kanisa moja, wachungaji wawili. Tarehe 17 tunapiga kura: tuungane moja kwa moja, au kila kundi lishike njia yake.

Wazo la dakika tatu najua limetoka wapi. Ni shemeji yangu, Fundi Simu, mdogo wake mke wangu. Yeye ni wa kundi la Radi. Anasema matangazo yatumwe kwenye simu, kila mtu asome kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku sita kwa wiki nauza misumari na bawaba, na watu wananifokea kwamba nimewapa inchi mbili badala ya inchi tatu. Siku ya saba watu mia tatu wananyamaza nikifungua mdomo. Wakininyang'anya hilo, sijui nitabaki na nini. Radi akiondoka na watu wake, shemeji ataondoka na wazo lake. Kwa hiyo tusiungane. Nimeamua.

Jumatatu, 4 Mei

Nimeomba ruhusa dukani, nimesema jino. Nikaenda ofisini kwa Mnong'ono. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba Radi anawaambia watu mahubiri ya mzee ni dawa ya usingizi. (Radi hajasema. Lakini angeweza kusema.) Nikasubiri hasira.

Mzee alifikiri sana. Kisha akanieleza, kwa sauti ndogo hata nilisogeza kiti mara mbili, kwamba ni kweli tupu, na kwamba mkewe humwambia hivyohivyo tangu walipooana. Akanishukuru kwa ujasiri wangu. Nilikuwa nimemtajia jino ili asiniulize habari za kazi, akaliombea jino. Dakika nne. Jino langu zima!

Nikamfuata Radi ukumbini, akipanga mabenchi. Nikamwambia Mnong'ono amesema Mungu si kiziwi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema sentensi kama hiyo ameitafuta miaka mingi, akaiandika kiganjani asije akaisahau.

Nimerudi dukani nimechanganyikiwa. Hawa ni wachungaji wa namna gani?

Jumatano, 6 Mei

Nimegundua kosa langu. Mtu hakasiriki mbele ya mtu. Anakasirikia karatasi. Na kanisani tunalo sanduku la maoni, ufunguo anao Nesi Mstaafu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mama asiye na mzaha.

Nimeandika barua ya siri. Sikuweka jina langu popote. Nimejiita Muumini Mwenye Uchungu. Nainakili hapa kwa kumbukumbu:

Tangazo la kwanza: mchungaji mmoja ananong'ona kana kwamba Injili ni umbea. Tangazo la pili: mchungaji wa pili anapiga kelele kana kwamba mbingu imehamia mtaa wa tatu. Tangazo la tatu: mafahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo watengane mapema. Huo ndio mwisho wa matangazo, Bwana awabariki.

Kazi safi. Vichwa nimevipigia mstari mwekundu ili wasomaji wasipate taabu. Mke wangu alipita na kikombe chake, akaniuliza kama nimeanza kuandika ya ubaoni mapema hivi. Nikamwambia hapana, ni mambo ya faragha. Aliniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 10 Mei

Wameisoma mbele ya watu!

Mnong'ono na Radi wamesimama pamoja madhabahuni. Radi akasoma barua neno kwa neno. Alipofika "Huo ndio mwisho wa matangazo", kanisa zima liligeuka kuangalia nilipoketi. Moyo ulinipasuka. Kisha nikakumbuka kwamba ninakaa chini ya saa ya ukutani. Walikuwa wanaangalia saa. Nikashusha pumzi.

Mnong'ono akasema kuhusu mafahali, kwamba zizini watapigana kweli, ila wakifungwa nira moja wanalima shamba kabla jua halijawa kali. Sikuitegemea hiyo. Halafu akafanya jambo ambalo sijaliona tangu nibatizwe. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akahubiri kwa sauti. Si sauti kubwa, lakini bibi mmoja wa nyuma, ambaye husikia kwa tabu, alisimama akasema leo ndiyo mara ya kwanza anajua mzee huzungumzia nini. Radi alipopewa zamu akaketi kwenye kiti, mikono magotini, akafunga kwa sala fupi ya chini chini. Watu walitulia tuli. Shemeji yangu alifuta machozi. Hata leso hawakumwazima Radi, maana hakuwa na jasho.

Na mimi ndiye niliyeandika barua ya kuwatenganisha. Nimebaki mdomo wazi tangu asubuhi, chakula cha mchana kimenipita.

Nilisoma matangazo kwa dakika ishirini na nane tu. Mshtuko.

Ijumaa, 15 Mei

Wachungaji hawagombani. Vyema. Nitawagombanisha wanakwaya, ambao hawahitaji msaada mkubwa.

Kwaya yetu husimama wima na vitabu, haitikisi hata kope. Ya kwao hucheza, hupiga ngoma na kupanda juu ya benchi. Kila moja ina siku yake ya mazoezi. Leo kwenye ubao nimeandika zote mbili Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi uleule. Siku moja kabla ya kura! Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nimemwambia mke wangu, ambaye huimba sauti ya kwanza, avae viatu visivyoteleza.

Jumamosi, 16 Mei

Nilifika saa tisa na nusu na kiti changu, nikakaa nje kwenye dirisha la ukumbi.

Saa kumi wakakutana mlangoni. Ugomvi ukazuka palepale, nikasogeza kiti. Lakini ugomvi gani! Wetu walisema nyie tangulieni, sisi ni wenyeji. Wao wakasema haiwezekani, nyie mna watu wazima, tangulieni nyie. Wetu wakasema basi tunaondoka. Wao wakasema mkiondoka nasi tunaondoka. Wamebishana hivyo nusu saa nzima, kila mmoja ameshika mlango ili mwingine apite. Mwishowe, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuuchukua ukumbi, wakaingia wote.

Wimbo wa kwanza ulikuwa vurugu, nikafurahi. Wa pili, mpiga ngoma wao akapunguza, na wetu wakaanza kuyumba kidogo, kama watu waliosahau wanaangaliwa. Wa tatu, mke wangu alipanda juu ya benchi. Mke wangu! Miaka ishirini na miwili ya ndoa sijamwona akipanda hata ngazi. Benchi likavunjika, wakaangukiana wote wakicheka, halafu mtu akachungulia dirishani akaniona, akasema ni bahati njema mwuza misumari yupo hapahapa.

Nimelipigilia benchi mpaka saa kumi na mbili. Walikuwa wakiimba muda wote. Sitaki kuandika kwamba walikuwa wazuri.

Jumapili, 17 Mei

Siku ya kura. Sijui nianzie wapi.

Kura ilikuwa ya siri. Nesi Mstaafu aligawa vikaratasi, akaeleza: andika Ndiyo au Hapana, kunja, tumbukiza. Nikaandika Hapana. Lakini Hapana tupu ni utovu wa adabu, kwa hiyo nikaongeza sababu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nafasi ilikuwa finyu, nikageuza upande wa pili.

Wakahesabu mbele yetu. Ndiyo, mia tatu na kumi na mbili. Hapana, moja. Nesi Mstaafu alikiinua kile kimoja juu, akavaa miwani, akasema hiki kina mistari myekundu. Kanisa zima likaangalia saa ya ukutani. Nikainua macho nami niiangalie. Imesimama! Tangu Pasaka, mshale hausogei.

Ndipo nilipoelewa, na nikatamani sakafu inimeze.

Radi akaomba kusema. Nikajua sasa nafukuzwa. Akasema anataka kumshukuru mtu mmoja. Akasema siku walipoingia humu mwaka jana, kanisa lao likiwa kifusi, waliketi nyuma kama wageni wa msibani. Msoma matangazo akasimama, akasoma majina yao yote, tisini na manne, moja moja, jina la mtu na la baba yake, bila kukosea hata moja. Ilichukua dakika arobaini. Akasema wazee wao walilia, na yeye alilia, na tangu siku ile hakuna mtu wa kwake aliyejiona mgeni. Akasema umoja tulioupigia kura leo ulianza na matangazo, kwa hiyo yeye mwenyewe anafuta dakika zake tatu. Watu wakapiga makofi. Shemeji yangu alisimama kabisa.

Naikumbuka siku ile. Niliyasoma majina yote kwa sababu nilitaka kurefusha. Hakuna sababu nyingine. Lakini yule bibi mzito wa kusikia alikuja akanishika mkono, akaniambia jina la mumewe, aliyefariki miezi michache baadaye, lilikuwemo kwenye orodha, na hajawahi kulisikia likitamkwa vizuri vile. Nikajifuta macho kwa tai. Ni ile baridi ya asubuhi.

Njiani nikamuuliza mke wangu tangu lini watu wanajua. Akasema tangu barua ile, tangu neno la kwanza, ambalo lilikuwa "Tangazo". Akasema wachungaji waliisoma wakinywa chai, Jumamosi kabla ya kuisoma kanisani, wakacheka, kisha wakaisoma tena, maana waliona yaliyomo yalikuwa kweli. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilimjibu ni mambo ya faragha.

Akaongeza kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, ila mimi hata kisima nakichimba kwa nambari.

Jumatatu, 18 Mei

Nimelala vizuri, na akili imetulia. Leo wachungaji wamekuja dukani wote wawili, mmoja ameagiza bawaba kwa kunong'ona, mwingine amerudia agizo hilo mpaka mtaa ukasikia. Wakanipa uamuzi wa wazee. Matangazo yanabaki, dakika kumi na tano. Shemeji atawatumia kwenye simu wagonjwa tu. Na barua za sanduku la maoni, kuanzia sasa, nitazisoma mimi.

Nikawashukuru, nikawafungia bawaba zao kwenye karatasi, nikatabasamu mpaka walipovuka barabara.

Kisha nikapiga hesabu. Dakika kumi na tano! Kutoka thelathini na moja! Wamenikata zaidi ya nusu, na mimi nimeagana nao kwa tabasamu. Nimeshika kichwa hapa nyuma ya kaunta na bado siamini. Wamekuja wawili ili mmoja anichekeshe na mwingine akate. Huo ndio umoja wao.

Lakini mtu huwa anajifunza. Nimekaa nikatafakari kwa utulivu kosa lilikuwa wapi, nikaliona. Ni wino mwekundu. Saa saba mchana nimevuka kwenda duka la vifaa vya shule, nimenunua kalamu ya kijani. Jina jipya ninalo: Muumini Mwenye Furaha. Hata Nesi Mstaafu avae miwani miwili, safari hii hanijui.

Barua imeshaanza. Tangazo la kwanza: waumini wengi, ambao msoma matangazo hayumo, wanaomba arudishiwe dakika zake.