Wateule wa Rweya

Idara ya Hiari ilifunguliwa mjini Bukoba mwaka 1974 kwa ngoma na hotuba ndefu. Wananchi walihakikishiwa kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu ambaye angeachwa tena ajitolee ovyo ovyo, bila usimamizi wa kitaalamu.

Ofisa Karugendo alipewa eneo la Nshamba. Alikuwa mtoto wa Kashozi, amesomeshwa na mapadre, anavaa Kaunda suti hata jua likiwa la kuchoma mawe, na kazi yake aliipenda kwa moyo wote. Alitakiwa kupata kaya arobaini zitakazoacha vibanja vyao vya migomba na kahawa, zikaanzishe kijiji cha ujamaa kule rweya, kwenye nyanda za nyasi juu ya kilima, ambako upepo hauna adabu na ndizi haioti hata ukiipigia magoti. Zoezi lilikuwa la hiari. Kwa hiyo, ili lisicheleweshwe, Idara ilikuwa imekwisha kuziteua kaya zenyewe.

Siku ya mkutano, mkubwa wake, Mkurugenzi Rweyemamu, alikuja na Land Rover kushuhudia. Akapewa kiti pekee chenye mikono. Karugendo alisoma majina ya wateule, akawapongeza kwa uamuzi wao wa kizalendo.

Mjane mmoja, Klaudia, akasimama. Mume wake alikuwa amezikwa katikati ya migomba yao, na kahawa aliyokuwa akivuna ilipandwa na mama mkwe wake.

"Ndugu Ofisa, samahani. Naruhusiwa kukataa?"

"Kabisa, mama. Hiari ni hiari."

"Basi mimi..."

"Lakini hukukataa."

"Lini?"

"Wakati wa uteuzi. Hatukusikia pingamizi lolote kutoka kwako."

"Nilikuwa wapi, waitu, mheshimiwa?"

"Shambani kwako, unapalilia. Kwa utulivu kabisa."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba majina ni yao, wakaacha.

Jirani wa Klaudia, mzee Mujuni, mwinjilisti wa Kilutheri, alishindwa kujizuia. "Ma Klaudia, si ndiyo yale ninayokwambia kila siku? Aliyeteuliwa ameteuliwa!"

Wawili hawa walikuwa wamebishana juu ya wokovu tangu ujana wao, kila mmoja upande wake wa ua. Mujuni alishika kwamba Mungu huchagua wake kabla hawajazaliwa, kwa neema tupu, na mtu hana la kuongeza. Klaudia, Mkatoliki wa rozari mfukoni, alishika kwamba Mungu huita, na mtu ana hiari ya kuitika au kubaki amekaa.

"Lazaro alikuwa maiti," alisema Mujuni. "Maiti haiulizwi maoni."

"Alipoitwa alitoka mwenyewe, Ta Mujuni."

"Miguu imefungwa sanda!"

"Ndiyo. Hata hivyo alijikongoja. Na Bikira Maria je? Malaika mzima alitoka mbinguni, akasimama pale akingoja jibu la binti wa kijijini. Kama Mungu anaweza kungoja, Idara ya Hiari ina haraka ya wapi?"

Karugendo hakuudhika. Aliona hapa mlango umefunguka wenyewe. Sera ya Idara ilikuwa na msingi wa kidini, na yeye hakuwa amegundua! Akamwomba Mujuni aje mbele awaeleze wananchi jinsi mteule asivyoweza kupinga uteuzi. Mkurugenzi Rweyemamu akatikisa kichwa kuridhia.

Mujuni akaja, akakohoa kama anayeanza ibada.

"Ni kweli, Mungu huchagua bila kumwuliza mtu," alisema. "Lakini huyo ni Mungu. Wewe, Ofisa, baba yako namjua, tumekunywa naye pombe ya rubisi. Tena Mungu anachagua mtu amtoe kwenye nyasi kavu. Sijasoma mahali anapomtoa kwenye migomba."

Karugendo akahisi mkutano unateleza. Akadaka kipaza sauti, na kwa kuwa alikuwa mtu wa dhati, maneno yalimtoka yakiwa ya dhati.

"Ndugu wananchi, hamjui mnachopewa! Hewa safi! Ziwa zima unaliona! Laiti jina langu lingekuwamo, ningehamia leo hii, nikiimba!"

Mujuni akainua kidole taratibu. "Wazee wetu wa imani wanafundisha kwamba mteule hujulikana kwa furaha aliyonayo moyoni. Nani hapa ana furaha?"

Macho yote yakamgeukia Karugendo.

"Na ameitika kwa kinywa chake," akasema Klaudia. "Hapo na mimi sina ubishi."

Vigelegele vikapasuka. Rweyemamu, aliyekuwa akitarajia wageni kutoka Dar es Salaam na hana mkazi hata mmoja wa kuwaonyesha, alisimama, akamkumbatia Karugendo mbele ya umma, akamtangaza mkazi wa kwanza. Jioni ile vijana walikibeba kitanda cha ofisa mpaka rweya, na kuimba waliimba wao.

Karugendo akaanza maisha ya kijiji. Upepo uliezua nyasi za kibanda, mvua ikaingia, Kaunda suti ikaota ukungu. Mahindi aliyopanda yalichungulia nje mara moja tu, hayakupenda yalichokiona.

Asubuhi moja Klaudia alipanda kilima na kapu la matoke ya moto. Karugendo alikula mpaka akashiba. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

"Ma Klaudia, wewe ungependa kuhamia huku?"

Klaudia alizitazama nyasi, akakitazama kibanda.

"Hapana."

Karugendo akangoja maelezo. Hayakuja. Alikuwa amekwisha kuwajibia wananchi wengi sana katika utumishi wake, lakini jibu lenyewe hakuwahi kulisikia, na alishangaa kuona ni fupi hivyo.

"Na wewe, mwanangu? Unapenda kukaa huku?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza, hata yeye mwenyewe. Macho yakamlowa, akasingizia upepo.

"Hapana, waitu."

"Basi shika kitanda upande huo."

Wakateremka nacho, wakipumzika njiani kila pumzi ilipowaishia. Kwa Klaudia palikuwa na chumba cha uani, na kahawa ilikuwa imeiva inangoja mikono.

Mkurugenzi Rweyemamu alifika na wageni wake wiki iliyofuata. Alitangulia mbele mbio mbio kumtafuta mkazi wake, akaita, akazunguka kibanda, akaita tena. Wageni waliposhuka kwenye magari walimkuta amesimama peke yake katikati ya nyasi, suruali imejaa mbegu za magugu. Mkubwa wao aliguswa sana. Alisema katika maisha yake hajaona mkurugenzi aliyejitoa kiasi hicho, akampigisha picha mlangoni pa kibanda, na kabla ya kuondoka akaamuru dereva airudishe mjini Land Rover ya Mkurugenzi, maana mwanakijiji haihitaji.