Sufuria Iliyotoka Angani

Jumatatu, 10 Februari 2025. Lodwar.
Mama Nabei, mwenye kibanda changu, amekuja asubuhi. Hata salamu ya ejok hakunipa. Eti ikifika Jumamosi meza zangu bado tupu, kibanda anampa Chepkemoi. Chepkemoi! Yule wa hoteli ya ng'ambo ya barabara, anayetabasamu hata kwa nzi. Anataka kupanua. Apanue kichwa! Hoteli hii ndiyo maisha yangu na siiachi. Wazo limenijia nikiosha sahani. Sahani yangu mwenyewe, maana mteja hakuna.

Jumanne, 11 Februari.
Nimeiponda sufuria yangu kubwa kwa nyundo, nikaichoma kwa tairi, nikaizika nusu mchangani nyuma ya hoteli. Kisha nikapiga simu kambi ya jeshi: kitu chenye mwanga wa kijani kimeanguka kutoka angani! Askari akauliza kama ni puto la watu wa hali ya hewa. Nikasema hapana. Akasema sawa, ameandika puto. Si neno. Watu watakuja kuona, watasikia njaa, watakula kwangu. Morgan, wewe ni kichwa!

Jumatano, 12 Februari.
Watu wamefurika, wengine kutoka Kataboi! Lakini jeshi nalo limefika. Meja Shadrack amezungusha utepe, akatangaza kwamba hakuna kilichoanguka na yeyote asikikaribie. Akaulizwa asikaribie nini. Akasema hiyo ni siri. Utepe umeizunguka hoteli yangu pia, nami nimo ndani, eti mimi ni shahidi. Umati wote umekula kwa Chepkemoi. Wanajeshi pia! Nimeziona chapati zikipita. Nimeumia.

Alhamisi, 13 Februari.
Wazee hawakuridhika na tangazo la Meja. Wamemwita Mzee Apua, msomaji wa matumbo ya mbuzi. Na mbuzi anatoa nani? Mwenye kiwanja kilichoangukiwa. Mbuzi wangu wa pekee! Mzee ameyatazama matumbo, akasema kitu kile hakitarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe atahamia upande wa Kakuma. Meja alicheka sana. Jeshi la kisasa halisomi matumbo! Kisha akasogeza kiti, akauliza kwa sauti ya chini kama yanasema lolote kuhusu uhamisho wake.

Ijumaa, 14 Februari.
Nimekiri. Nimemwambia Meja ile ni sufuria, ni yangu, na kesho ni Jumamosi. Akasema jeshi limeshatangaza hakuna kitu, na kitu ambacho hakipo hakirudishwi. Tena kimeshapanda ndege kwenda Nairobi kwa wataalamu. Nikamwambia watakuta maharagwe yameganda ndani. Akashtuka, akaniomba nisirudie maneno hayo hadharani. Eti mabaki ya viumbe wa angani ni siri kubwa zaidi. Nimelia kidogo.

Jumapili, 16 Februari. Kakuma.
Kibanda kimekwenda. Chepkemoi alinifuata hadi stendi, akanipa sufuria yake moja mpya na chapati za njiani. Akasema nipike tu, nisitunge mambo. Nikaahidi. Nilishindwa hata kumchukia vizuri.

Binamu yangu Maryanne amenipa nafasi mbele ya duka lake. Jirani yetu Lueth ana hoteli. Wateja wamejaa hadi nje. Inaudhi! Nimeiweka sufuria juani. Inang'aa ajabu. Ukiitazama kwa mbali, unaweza kuapa haikutengenezwa na binadamu.

Nimemwuliza Maryanne kama ana nyundo. Kuuliza tu.