Siku Zangu Kwenye Mlango wa Barafu

Jumatatu, 18 Januari

Nimeiona! Nilifika ukumbini asubuhi kabla ya watu wote. Taa chache tu zinawaka, viti vitupu vimepanda hadi juu kabisa, na katikati yake barafu. Nyeupe, yenye ubuluu kwa mbali, imetulia kama mtu aliyebana pumzi. Nikasimama ukingoni nikaitazama. Mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea au naumwa. Nikamwambia ni mapenzi tu. Akaenda kusimama mbali kidogo.

Niandike wazi, hapa hakuna wa kunicheka. Mimi Raimo Kettunen, mwalimu mstaafu wa udereva, nimejitolea kufanya kazi kwenye mashindano ya Ulaya ya kuteleza kwenye barafu, hapa hapa kwetu Tampere. Wengine wamekuja kwa ajili ya jaketi la bure. Mimi nina ndoto. Naiota tangu utotoni: natoka mlangoni, nakanyaga barafu, maelfu ya watu wananyamaza, na mimi sina uzito. Nikiwa macho siwezi kuteleza hata kidogo, aibu kubwa kwa Mfini. Lakini siombi kuteleza. Naomba kutembea tu pale katikati, taa zikinimulika, mke wangu Irmeli akiniona kwenye runinga. Basi!

Mchana Bi Sanelma, mkuu wetu sisi wa kujitolea, binti mwenye simu mbili na subira nusu, akagawa kazi. Kutandika zulia jekundu juu ya barafu wakati wa kutoa medali: Osmo. Osmo! Kaka yake Irmeli! Mtu ambaye hajawahi kuota chochote isipokuwa soseji. Mimi: mlango wa saba. Watelezaji wakija, nifungue. Wakishapita, nifunge. Nikauliza baada ya kufunga nafanya nini. Akasema nangoja wengine.

Osmo akanipiga bega. "Pole, shemeji. Mlango nao una heshima yake."

Tutaona.

Jumanne, 19 Januari

Mpango! Nimeupata nikinywa kahawa. Mtu hatandiki zulia kama ana goti bovu. Nikamvuta Bi Sanelma pembeni, nikamnong'oneza kwamba Osmo anateseka na goti, ila ni mwanaume wa kimya, hatasema. Nikaongeza kwamba mimi magoti yangu ni mazima na niko tayari kwa lolote.

Bi Sanelma akashukuru sana. Akampeleka Osmo kwa daktari wa mashindano. Daktari akamkunja, akamkunjua, akatangaza kwamba hajaona magoti kama yale kwa mtu wa umri ule. Matokeo yake Osmo amefanywa kiongozi wa wabeba zulia wote. Amepewa na kizibao cha rangi ya chungwa.

Mimi, kwa kuwa nimeonekana mtu wa huruma, nimepewa kazi ya ziada: kuweka karatasi za kufutia machozi pale kwenye kochi ambapo watelezaji hukaa kungoja alama zao. Mwanzo niliona ni dharau. Kisha nikafikiri. Kochi lile hutazamwa na kamera tatu!

Usingizini niliteleza kinyumenyume mbele ya jopo la majaji. Wote walikuwa wanafunzi wangu wa zamani walioanguka mtihani wa kuegesha gari. Wote walilia kwa uzuri wangu.

Jumatano, 20 Januari

Siku mbaya.

Asubuhi yalikuwa mazoezi. Msichana mmoja peke yake kwenye barafu, bila muziki. Sauti ya vyuma vya viatu vyake ilikuwa kama mtu anayechana hariri polepole chumba cha pili. Nilikuwa napanga karatasi zangu. Nikaona si vibaya kulijaribu kochi, nijue kama liko imara. Nikakaa. Laini! Nikaegemea. Yule msichana akazunguka, akazunguka, na mimi nikaanza kuzunguka naye, ukumbi ukageuka theluji, theluji ikageuka manyoya, na majaji wakasimama wote...

Wale watu wa runinga walikuwa wakijaribu kamera. Nilipofumbua macho nikaona kwenye skrini kubwa juu ya barafu uso wa mzee aliyelala mdomo wazi, mkubwa kama nyumba. Nikamhurumia, maskini. Kisha akafunga mdomo nilipofunga mimi.

Bi Sanelma hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mzee Raimo. Mlango wa saba. Na usikae."

Osmo alikula soseji nyeusi ya damu, ile ya kwetu Tampere, na jemu mbele yangu, akauliza kama kochi lina springi nzuri. Amesikia kwamba kuna picha.

Alhamisi, 21 Januari

Leo wanawake walianza kushindana. Leo nimekanyaga barafu. Lakini niandike kwa mpangilio.

Kila mtelezaji akimaliza, mashabiki humrushia maua na vinyago vya kitambaa, na wasichana wa klabu huteleza haraka kuviokota. Sasa je, kikirushwa kitu ambacho wasichana hawawezi kukibeba? Lazima aingie mtu mzima. Mtu mzima aliye karibu ni nani? Mlango wa saba!

Nilinunua dubu wa kitambaa, mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamtoa pamba, nikamjaza viazi kutoka ghalani kwetu. Irmeli, aliyekuwa na tiketi ya safu ya mbele na ambaye zamani alikuwa bingwa wa shule wa kurusha tufe, aliuliza kwa nini dubu ni mzito. Nikasema ni bidhaa bora. Akanitazama vile anavyonitazama. Lakini alimrusha! Mke mwema. Mtelezaji Mswisi alipomaliza tu, dubu akapaa juu ya ukuta, akatua, puu!

Wasichana wakamvuta. Hajongei. Nikafungua mlango wangu. Nilikuwa nimevaa chini ya buti vile vyuma vyenye meno tunavyovaa barabarani wakati wa baridi, nisianguke. Nikatoka.

Ee, barafu! Kwa hatua chache kila kitu kilikuwa kama ndotoni. Mwanga ukitoka juu na chini kwa pamoja. Kimya. Mwili wangu mwepesi. Nikapunga mkono. Watu wakapiga makofi, kwanza kwa mashaka, kisha kwa nguvu. Nikamshika dubu sikio, nikavuta. Mshono ukaachia. Viazi vikatoka, vikabingirika pande zote kwa madaha ambayo sikuyategemea.

Ukumbi mzima ukacheka. Nilidhani wanacheka viazi. Kumbe nyuma yangu, kutoka mlangoni hadi kwa dubu, kila hatua yangu ilikuwa imeacha mashimo, kama vile uma ulitembea kwenye keki.

Mashindano yakasimama. Wakaja watu na ndoo za theluji na maji kuziba. Nikarudi mlangoni kwangu. Na pale mlangoni, zamu yake ikiwa imefika, alikuwa amesimama msichana wa Estonia, Kertu Raudvee, mabega wazi, anatetemeka. Nilimsikia kocha wake akisema msimu huu ameanguka kila mashindano, na akianguka tena leo hatapelekwa popote mwaka huu. Kisha kocha akakimbia kugombana na majaji kuhusu kuchelewa. Tukabaki wawili.

Lugha yake na yangu zinasikilizana kidogo, kama ndugu waliogombana. Nikamvika jaketi langu la bure. Meno yake yalikuwa yanagongana. Akauliza ni nani aliyeharibu barafu.

Nikasema, "Mjinga mmoja."

"Mjinga gani huyo?"

"Mzee fulani. Alitaka aonekane kwenye runinga."

Akatazama chini. Akaviona vyuma vyangu, na theluji imeganda kwenye meno yake. Nikajua nimekwisha. Binti wa watu, mwaka wake mzima, na mimi na viazi vyangu! Nilitamani mlango wa saba ungenimeza. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona aibu ya kweli, na sikuipenda.

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ukuta. Akanieleza kwa maneno ya hapa na pale kwamba tangu asubuhi alikuwa akifikiri hakuna kitakachoharibika leo ila yeye.

"Sasa mjomba umeshaharibu wewe," akasema. "Mimi nimebakiwa na nini?"

Nikampa andazi langu la iliki. Akala nusu, kocha akiwa hayupo. Wakamwita. Akanirudishia jaketi. Nikafungua mlango.

Sikufunga. Najua kazi yangu ni kufunga. Niliacha upenyo nikatazama. Aliruka, akazunguka hewani, nikasubiri anguko, halikuja. Aliteleza juu ya mashimo yangu yaliyozibwa kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Muziki ulipoisha nilikuta nimeng'ang'ania kitasa kwa mikono miwili.

Yuko wa tatu! Fainali Jumamosi.

Mimi nimefukuzwa mlangoni.

Ijumaa, 22 Januari

Niko chini ya majukwaa, chumba kisicho na dirisha. Kazi: kupanga vinyago vilivyorushwa, vipelekwe hospitali ya watoto. Sungura huku, paka kule. Dubu wananitazama vibaya.

Irmeli hasemi nami. Anasema na paka, kwa sauti, ili nisikie. Alimwambia paka kwamba kuna wanaume ambao hata akili ikirushwa kwao kutoka safu ya mbele hawawezi kuidaka.

Viazi vyangu walinirudishia kwenye mfuko. Tumekula jioni. Vilikuwa vimeganda.

Jumamosi, 23 Januari

Fainali. Na mimi shimoni na sungura.

Nilisikia kila kitu kupitia dari. Muziki ulishuka kama maji yanayopenya zege, umepoteza makali, umebaki ndoto yake tu. Niliujua wimbo wa Kertu. Nikakaa juu ya rundo la vinyago, nikafumba macho. Ukumbi ukavuta pumzi: anaruka. Ukapiga makofi: ametua. Tena. Tena. Kisha ukaguna kwa huzuni, na moyo wangu ukashuka. Kisha makofi tena, makubwa, marefu, hadi vumbi likanidondokea puani. Ameanguka mara moja, akainuka. Nilijua kama vile nilikuwepo. Nililia kidogo kwenye kobe wa kijani.

Mlango ukafunguliwa. Osmo! Mwenzake wa zulia amebanwa vidole na mlango wa gari. Anahitaji mtu sasa hivi. Bi Sanelma alikuwa nyuma yake, amekunja mikono, amekataa katakata.

Osmo akamwambia, "Ni shemeji yangu. Akili zake ni kama hivi tunavyoziona, lakini mgongo ni mzima. Mimi nitabeba lawama."

Nikamuuliza njiani kwa nini. Baada ya mambo ya goti na yote. Osmo akasema alijua tangu Jumanne. Nani mwingine angemzulia goti? Akasema pia kwamba daktari alimpima bure na yeye alikuwa na wasiwasi kuhusu goti hilo tangu mwaka juzi, kwa hiyo tusizungumze sana, tushike zulia.

Bi Sanelma alinivua buti yeye mwenyewe, akazikagua soli kama askari wa forodha, akanirudishia.

Kisha mlango ukafunguliwa mbele yangu na mtu mwingine, nami nikatoka. Mbele ya watu maelfu. Nikapumua. Nikainua kidevu upande wa kamera.

Taa zikazimwa.

Zote! Kumbe zulia hutandikwa gizani, ili washindi watokee mwangani peke yao. Hakuna aliyeniona. Nilikunjua zulia katikati ya barafu, sijioni hata mikono. Lakini ile barafu ilikuwa na mwanga wake, mdogo, wa ndani, kama mwezi uliofunikwa na shuka. Ubaridi ukapanda miguuni. Watu wananong'ona mbali kama majani. Sikujua kama natembea au naelea. Osmo alikuwa kivuli kinachopumua. Sijawahi kuwa na furaha namna hii, na hakuna shahidi.

Tuliinama ukingoni washindi wakipita. Kertu, medali ya shaba! Alipopita akanishika bega gizani. Sijui alinitambuaje. Labda ni harufu ya iliki.

"Asante, mjinga mmoja," akasema, akaenda kwenye mwanga.

Nilipofika nyumbani, Irmeli alikuwa mbele ya runinga. Ameanza kusema nami. Akaniambia aliona zulia likijitandika lenyewe, akadhani ni mtambo. Nikamweleza. Akacheka, akanimiminia kahawa, akasema lilitandikwa vizuri sana, halina mkunjo. Tukakaa hivyo.

Jumatatu, 25 Januari

Irmeli ameniuliza, kwa upole kabisa, kama wiki hii nimejifunza lolote. Nikamwambia ndiyo, tena jambo kubwa. Akaweka kikombe chini asikilize. Nikamwambia kosa lilikuwa taa. Mtu asiyejua nani anashika swichi hawezi kupanga kitu.

Akaondoka mezani.

Sasa, wakati wa kiangazi kuna mashindano makubwa ya kuimba tango, muziki tunaoupenda sana sisi Wafini, na wanatafuta watu wa kujitolea. Nimepiga simu leo asubuhi kuomba kazi ya taa. Dada wa simu ana sauti ya matumaini. Akasema nafasi ni moja na ameshaiomba bwana mmoja aitwaye Osmo Hyvärinen, wa Tampere, je, namfahamu?

Nikasema namfahamu sana. Ni shemeji yangu, mtu wa dhahabu, juzi tu kanitendea wema ambao sitausahau hadi kaburini.

Ila bahati mbaya, nikamwambia, anaogopa giza.