Wajane Wanne wa Getini

Stepla, karani wetu wa ofisini, alifika kwenye benchi la Mama Kahawa, nje ya geti la kiwanda, anahema.

"Jamani, ile fomu ya msongo wa mawazo kazini tunajaza upya!"

"Si tulijaza wiki mbili zilizopita?" akaruka Winchi, mpakia mizigo. "Au msongo wetu umepotea?"

"Imetafsiriwa kutoka lugha ya watu. Watafiti wanajaribu kuona kama kwa Kiswahili inapima kweli. Sasa wamekuta fomu zetu nne zote ni za wajane wenye watoto watano, wasiojua msongo ni nini!"

Mama Kahawa akajitia kupuliza makaa.

Niseme aibu yetu. Hapa kijiweni hakuna anayejaza karatasi peke yake. Mmoja anaandika, wengine tunanakili, usije ukajibu tofauti ukaonekana una kiherehere. Na mwenye mwandiko mzuri ni Mama Kahawa, mjane wa watoto watano, ambaye kiwandani hajaajiriwa hata dakika moja.

"Mimi mjane?" Kufuli, mlinzi wa geti, akashika kichwa. "Mke wangu kajifungua mapacha mwezi uliopita! Akisikia nimeshamzika?"

"Hata kwenye kunyonyesha uliweka tiki," nikamkumbusha.

"Cheka tu. Stepla, ni kweli mwenye msongo mkubwa kuliko wote anapewa likizo ya wiki mbili?"

"Mmoja tu. Na wewe umeandika unalala fofofo."

"Nimekwisha! Wale watoto wanalia kwa kupokezana, mimi wa kunipokea sina! Nisipopata hiyo likizo mtanizika kweli."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, baba mapacha," Winchi akamchoma.

Mara dada wa utafiti akatokea na kalamu yake, uso kama kanywa shubiri.

"Leo nauliza mwenyewe, mmoja mmoja. Wengine kimya!"

Kimya, benchi hili? Lakini tulijitahidi. Kufuli akaegemea nguzo, funguo za geti mkononi.

"Swali la kwanza. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umechoka kiasi kwamba unashindwa…"

Kufuli akakoroma.

"Kaka? Kaka! Hajajibu huyu."

"Kajibu, mwanangu," akasema Mama Kahawa. "Andika."

Dada akamtazama Kufuli, akaitazama fomu yake, akaanza kutabasamu. Akaweka tiki kwenye *mara zote*.

"Basi tafsiri iko sawa," akasema.

Honi ikalia. Gari la bosi, puani pa geti lililofungwa. Ikalia tena. Kufuli hata kope haikutikisika. Bosi akashuka, kavimba.

"Nani kamruhusu huyu alale kazini?"

Dada akamwonyesha fomu.

"Hayuko kazini, bosi. Likizo yake imeanza kwenye swali la kwanza."