Jiwe la Kituo cha "Our" Ufukweni Lundo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya waheshimiwa wengine wote kupata udhuru imeonekana kuwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kumweka Mwenye Kitu Mbele ya Kitu, yaani MKUMBEKI, ambaye pia ni mimi. Baba Paroko na Padri wa Anglikana, mliokubali kushirikiana benchi moja kwa sababu viti vimekuja pungufu. Mwalimu Avelina wa Kiingereza, mtaalamu wetu wa ngazi ya kata. Ndugu Othmar mwenye spika. Wadau, wanufaika, wanufaika tarajiwa, na akina mama wa uwanja wa kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwa hili, mlioketi kule nyuma na mabeseni yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wanne.)

Nimeshuka kutoka Mbinga leo asubuhi, kona baada ya kona, ndani ya koti hili ambalo kule juu kwenye baridi ya mashamba ya kahawa lilikuwa linafaa na hapa kando ya ziwa linanipika, lakini sitalivua, kwa sababu koti ni sehemu ya utekelezaji. (Mtu anacheka. Anatazamwa.)

Ndugu zangu, tatizo letu ni la kimfumo, kimuundo na kimkakati. Mwingereza akitaka kusema samaki wangu, anaanza na yeye mwenyewe: "my fish". Kwanza mwenye mali, halafu mali. Sisi, iwe kwa Kiswahili, Kinyasa, Kimpoto au Kimatengo, tunaanza na samaki, halafu ndiyo tunamtafuta mwenye samaki, na kufikia hapo paka ameshapita. Utafiti tulioufanya Kihagara, ambapo besilaini ya mwanzo, tathmini ya kati na tathmini ya mwisho vilikamilika ndani ya siku moja, kabla ya chakula cha mchana, umebaini kwamba asilimia tisini na nne ya nomino za wilaya hii hutajwa kabla ya wenyewe, na asilimia thelathini na moja zilizobaki hazina mwenyewe kabisa. (Mwalimu Avelina ananyoosha mkono. Haonekani.)

Tena Mwingereza ni mtu wa ulinzi. Ukishasema "my fish" huruhusiwi kuongeza "the" popote pale, kwa sababu mwenye nyumba akiingia, mlinzi anaondoka. Na jina la mtu likitajwa, hutundikiwa "s" kwa nyuma mithili ya muhuri wa ofisi: "Kunigunda's basin". Beseni likishapigwa muhuri huo halitoki hata kwa jirani. Ndiyo maana tulibuni kituo hiki cha ghorofa tatu, cha kwanza katika ukanda wote wa ziwa, ghorofa ya chini ikiwa ya "my", ya kati ya "your", na ya juu kabisa, yenye upepo mzuri, ikiwa ya "their", ambako tutaingia sisi waratibu tu. Ifikapo mwaka 2031 hakutakuwa na nomino hata moja, kutoka hapa hadi Mbamba Bay, itakayolala nje bila mwenyewe. Haya yote ni matunda ya uongozi wangu, na ninayasema kwa unyenyekevu nilioujengea uwezo katika semina mbili. (Makofi. Mama Kunigunda, mwenye nywele nyeupe, anasimama na beseni lake.)

Naona mama yetu ana mchango. Shikamoo, mama.

("Marahaba, mwanangu. Mimi si wa mchango, nina swali. Miaka miwili iliyopita ulikuja ukaweka jiwe hapo uliposimama. Hapo ni mahali pangu pa kuanikia usipa, ndipo jua linapofika kwanza. Na hapa uwanjani kwetu, anayeweka jiwe ndiye ameshika nafasi. Halisogezwi na mtu mwingine mpaka mwenye jiwe aseme mbele za watu kwamba hana usipa. Sisi tukangoja usipa wako. Kila tukiuliza, inakuja barua kwamba uko njiani. Misimu miwili naanika kule kwenye majimaji ya kijito, usipa unavunda, nalisha kunguru. Inaniuma, mwanangu. Kwa hiyo nauliza tu: unao usipa, au huna?")

Mama, swali lako ni zuri sana, na kwa uzuri wake haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana kama maswali ya watu wa kawaida. Lile, mama, ni jiwe la msingi. Lina maandishi.

("Hata langu lina alama ya chokaa.")

Naomba tuelewane kitaalamu. Jina rasmi la kituo ni "Our Centre". Sasa, kama nilivyofafanua, "our" hutangulia. Ninayo furaha isiyo kifani kuutangazia umma huu kwamba "our" imekamilika kwa asilimia mia moja, ndani ya muda uliopangwa, bila doa. Kilichobaki ni "centre" peke yake. (Mwalimu Avelina anasimama bila kuruhusiwa: "Mheshimiwa, 'our' haikai peke yake. Lazima kitu kifuate.") Kitafuata, mwalimu. ("Kinafuata hapohapo, mheshimiwa. Siyo 2031.") Ahsante, mtaalamu, maoni yako yamepokelewa na yatahifadhiwa. (Mama Kunigunda hajakaa: "Sisi huanza na usipa, ndiyo tunasema wangu. Usipa usipokuwepo, tunanyamaza.") Hiyo ndiyo changamoto yenyewe, mama, na ndiyo maana mradi umekufuata.

Kabla sijamaliza, tupate kaulimbiu. Nikisema "mwenye kitu", mjibu "mbele". Mwenye kitu. ("Mbele," wanajibu wachache.) Mwenye kitu. ("Mbele.") Kitu. (Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Kiko wapi?")

Sasa shukrani, na hapa nitakuwa mkweli, maana shukrani zikiwa za uongo hazina baraka. Nawashukuru kwa dhati wafadhili wetu, ambao barua yetu haijawafikia kwa sababu hatujafahamu ni akina nani. Namshukuru mkandarasi, ambaye angeteuliwa. Nawashukuru wanafunzi mia nne wa awamu ya kwanza, ambao wangekuwa wamekaa hapa kwa utulivu mkubwa. Namshukuru mchoraji wa ramani kwa kutochora, kwani angechora tungelazimika kujenga. Na kipekee namshukuru Mama Kunigunda, ambaye kwa miaka miwili ndiye mtu pekee aliyelinda eneo la mradi bila posho, maana nikisema ukweli mbele za watu, ukiondoa jiwe hili, bango lile na koti langu, sisi hapa hatuna kitu.

(Mama Kunigunda: "Amesema. Mmesikia?" Baba Paroko: "Tumesikia." Padri wa Anglikana, upande wa pili wa benchi: "Hata huku." Akina mama wanainuka wote kwa pamoja na mabeseni yao.)

Naomba akina mama mkae. Bado kuna risala. Ndugu Othmar, ongeza sauti. (Othmar anakunja waya ili usipa upite. Akina mama wawili wanalibeba jiwe la msingi na kuliweka kando, maandishi yakiwa chini. Mama Kunigunda anatandika wavu wake mahali pake na kumwaga beseni la kwanza.)

Mama, lile jiwe ni letu.

("Sawa, mwanangu, halitapotea. Siku ukipata usipa, njoo uliweke tena. Sasa sogea kidogo, unanizibia jua.")

(Mgeni Rasmi anasogea.)